Thumuni Tatu

Mimi ndiye mwasha majiko wa shule ya Kizil-Bel,
Mambetaly wa ndoo na sepetu.
Alfajiri, baridi imeng'ata hata misumari ya mlango,
naingia na makaa ya mawe, niyafanye madarasa sita
yawe mahali pa kukaa watu.
Anayenikuta nimepiga magoti ni mmoja tu.
Mwalimu Zuura huvua glavu moja, si zote mbili,
hupanga chaki zake pembeni mwa jiko kama mikate,
maana chaki iliyolala na barafu haiandiki,
hulia tu ubaoni.

Miaka ishirini na sita anafundisha hesabu za sehemu.
Nusu, robo, thumuni.
Mimi nilitoka shule darasa la tatu nikaenda kuchunga farasi,
lakini mlango wa darasa la tano haufungi vizuri,
na mtu akichochea moto polepole
hakuna wa kumuuliza mbona hamalizi.

Kila Oktoba wilaya hutuma orodha ya walimu wa kupongezwa.
Mkuu wa shule huisoma ukumbini, miwani puani.
Nasikiliza, ndoo mkononi. Jina halimo.
Mwaka mmoja kilikuja cheti chenye muhuri mwekundu,
kwa Bwana Zuurbek, mwalimu wa michezo.
Walimu wakainama, wanaona haya kwa niaba yake.
Yeye alikipeleka darasani, akachukua mkasi,
akakikata vipande kumi na viwili vilivyo sawa.
"Haya," akasema. "Nani atanipa theluthi ya Bwana Zuurbek?"
Ermek, ambaye hakuwa amejibu swali hata moja tangu shule ifunguliwe,
akanyanyuka, akahesabu vinne, akampa.

Msidhani ni jiwe.
Februari moja nilimkuta ameketi kwenye dawati la mtoto,
magoti yamegota ubao, koti hajavua,
barua ya dada yake mkononi: njoo Bishkek,
kuna meza ya vitambaa sokoni, utapata mara tatu.
Akaniuliza, "Moto ukikuzimikia usiku, wewe hukasirika?"
Nikasema hukasirika sana. Humlaani hata aliyejenga bomba la moshi.
"Halafu?"
"Halafu natafuta kiberiti."
Hakucheka. Barua akaitia mfukoni, si jikoni,
na kengele ilipolia akawageukia watoto:
"Jana tulifika wapi?"

Watu husema subira huvuta heri.
Mimi nimevuta vitu maisha yangu yote;
kuna vinavyokuja, kuna vinavyokata kamba.
Sina hakika na heri. Nina hakika na lori la Toktosun.

Lori lile lina mbao nane kila ubavu,
likijaa hadi juu ni tani nne.
Kila Septemba Toktosun hupaza sauti, "Nusu!"
nami huweka sahihi.
Mwaka huu nilisimama, sepetu begani,
nikatazama makaa yalipoishia, ubao wa tatu kutoka chini,
na mdomo wangu ukasema kwa sauti isiyokuwa yangu,
kavu kidogo, yenye vumbi la chaki:
"Thumuni tatu si nusu. Nusu ni nne."
Akanitazama kana kwamba farasi ndiye aliyeuliza bei ya nyasi.
Akarudi ghalani. Akaleta nusu tani.

Sijamwambia mwalimu. Ningeanzia wapi, mtu wa miaka hamsini na minane,
kukiri kwamba nimekuwa nikiiba masomo mlangoni?
Ila majiko yamewaka hadi katikati ya Machi,
na watoto wameandika bila glavu.
Leo asubuhi alisimama karibu na dirisha, chaki zinapata joto,
theluji bado imefika kiunoni mwa uzio,
akasema, "Mwaka huu baridi imetuhurumia, Mambetaly."

Nikasema ndiyo, mwalimu, imetuhurumia,
nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa,
nikingoja aanze.