Soksi za Mikono

Inspekta Gwakisa aliweka koti mezani pangu,
kodrai ya kahawia, kifungo kimoja hakipo,
linanuka mvua na grisi ya reli.
"Limeokotwa Iyunga, mbele kidogo ya stesheni.
Mwenyewe fundi redio wa Mwanjelwa, Tuntufye.
Leo siku ya tisa.
Kaka yake ameshachagua jeneza."

Mchana nashona viatu pale Kabwe.
Usiku navua soksi za mikono
kwa ajili ya watu wa serikali wanaopita mlango wa uani.
Kila kitu hunisimulia mkono uliokishika mwisho.
Kijiko husema njaa. Ufunguo husema hofu.
Noti hupiga kelele zote kwa pamoja,
ndiyo maana nalipwa viazi.

Nikavua ya kulia.
Baridi ya Juni ikaniuma vidole;
ukungu wa Loleza ulikuwa umeshuka hadi kizingitini
kama mbuzi wa jirani, unachungulia.
Nikagusa kola.

Kimya. Kisha bisibisi,
redio ikikohoa, mtu anacheka ndani ya redio,
hapana, nyuma yake:
shavu limelala juu ya kola hii hii,
pumzi ya tangawizi.

Nikaondoa mkono. Ulikuwa umepata joto.

"Damu?" aliuliza Gwakisa.
"Sijaiona. Nipeleke relini."

Saa tisa usiku. Pikipiki yake aliizima mbali.
Pale kwenye makutano ya njia yupo kijana mshika taa,
alikufa zamani, hakuna aliyemwambia zamu imekwisha.
Wafu hawadanganyi; husahau majina tu.

"Walikuwa wawili," alisema,
na taa yake ikapita kifuani mwa Gwakisa
bila Gwakisa kuhisi chochote.
"Mmoja alivua koti, akalilaza relini
kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia njiani.
Mwenzake akamvika la kwake.
Wakadandia behewa la saruji, la Tunduma.
Niliwawashia kijani.
Wa kwangu mimi, enzi zile, nilimwashia nyekundu."

Nikamweleza Inspekta yote, tangawizi nikaibakiza.
Akatoa daftari. Kalamu ilikuwa imeganda,
akaipulizia, akaandika mstari mmoja:
*Ameondoka kwa hiari, hajulikani aliko.*

"Na kaka yake?"
"Jeneza atalirudisha. Seremala wa Sai ni mwelewa."

Miaka mitatu tumefanya kazi hii.
Miaka mitatu chai yake nampa kwenye sinia,
kikombe upande wake, mkono wangu upande wangu,
kwa sababu mtu si kijiko,
na kuna mambo ambayo ukishayajua
huwezi tena kuuza uso ule ule sokoni.

Akanyoosha kiganja, kimefumbwa.
"Na hiki je?"
"Gwakisa, nikishika nitajua."
"Najua utajua."

Sikuikumbuka soksi imeangukia wapi.

Kiganja chake kilikuwa kigumu, na cha moto,
na ndani yake usiku huu huu, siku tisa nyuma:
tochi ya polisi inawamulika watu wawili mlangoni mwa behewa,
mmoja ameshika mkono wa mwenzake, hauachii.
Tochi inasita.
Tochi inazimwa.
Kisha mtu mzima, na nyota zake mabegani,
anapiga magoti kwenye kokoto, gizani,
anapapasa kitu kilichodondoka.

Nikafumbua vidole vyake. Kifungo cha kodrai.

"Ulikuwepo," nikasema.
"Nilikuwepo."
"Ungeweza kuniambia kwa mdomo."
"Mdomo wangu," alisema, "umezoea mahakama."

Siku tisa amekishika, akilala, akila, akipigiwa saluti,
kisiguswe na mkono mwingine
kabla ya wangu.

"Kesi hii," nikamwambia, "usinilipe viazi."

Akacheka, na pumzi yake ikawa moshi, nikaipokea.
Kijana wa taa akageuka, kwa adabu,
akatazama upande wa Tunduma.