Upawa Una Alama

Upawa wangu una alama ya msumari
kwa ndani, vidole viwili chini ya ukingo.
Niliichora mwenyewe mwaka ule mahindi yalipopanda bei
na watoto wakawa mia mbili na kumi na wawili.
Hapo ndipo githeri hufika. Haipiti.

Jumatatu Mukuru tuliletewa mgeni, mwanafunzi wa chuo,
kutoka nchi ambayo mwalimu mkuu aliitaja mara tatu
na bado sikuishika.
Jina lake Aino. Watoto walisikia "Haina,"
wakacheka hadi sahani zikagongana.
Naye akacheka, hajui kinachochekwa,
na hapo nikampenda kidogo.

Akaomba kupakua. Nikamfunga leso yangu kiunoni,
nikampa upawa. Alama sikumwonyesha.
Mwalimu mkuu alikuwa ameniasa tangu alfajiri:
Kasyoka, mgeni hakosolewi.

Basi akapakua kwa moyo.
Wa chekechea walipata vilima,
maharagwe yakiporomoka ukingoni,
Nyevu akaishika sahani yake kwa mikono miwili
kama aliyepewa mtoto mchanga ambebe.
Mimi kando ya jiko, nahesabu.
Sitini. Tisini. Mia na ishirini.
Sufuria ina sauti yake ikielekea kuisha;
niliisikia kabla yake
na mdomo wangu nikaufunga.

Upawa ulipokwaruza chini, walibaki thelathini na mmoja,
wakubwa, wale wenye haya ya kuuliza.
Lokwawi alichungulia ndani,
akaipangusa sahani yake kwenye sweta ingawa ilikuwa safi,
akarudi darasani. Saa saba, somo la hesabu.

Aino alinitazama. Uso uliiva.
Akaanza kulia; nikamwambia kwa Kiingereza changu cha sokoni
kwamba machozi hayang'oi ukoko, shika sabuni.
Tulipokuwa tunakwangua ndipo nilipomwonyesha alama.
Aliipapasa kwa kidole gumba.
Muda mrefu.

Jumanne alirudi. Sikumtarajia.
Akapakua hadi kwenye msumari, akamwaga kilichozidi,
mkono ukitetemeka kama anayepima dawa.
Nyevu akamsukumia sahani: Haina, niongeze.
Akatikisa kichwa.
Neno la kwanza la Kiswahili alilolitamka jikoni kwangu
halikuwa asante wala jambo.
Lilikuwa basi.

Alikaa wiki tatu. Akaondoka na leso yangu,
nadhani kwa kusahau.

Nami bado napakua. Wanasema mkono wangu mkavu,
na ni kweli, mkono wenye majina mia mbili na zaidi
hauna budi kukauka.
Ila tangu Jumatatu ile
Lokwawi akifika mbele, upawa huteleza,
punje nne tano juu ya alama.
Sijui nazitoa kwenye sahani ya nani.