Kabati la Bure

Alikuja Jumanne, saa ya mapumziko,
kijana wa raba nyeupe katika vumbi la Isevya,
akatua boksi juu ya madaftari yangu
bila kuuliza daftari ni bei gani.

"Dada Kabula" (jina langu kalitoa wapi?)
"kabati ni bure. Lina taa. Umeme tunalipa sisi.
Wewe utuachie tu hapa mbele,
usawa huu."
Mkono wake ukapima hewa,
ukasimama kwenye kimo cha mtoto wa darasa la tano.

Akazipanga: pinki, kijani cha limau, buluu ya peremende.
Nikadhani ni kalamu za rangi.
"Hii embe. Hii stroberi. Hii bablishi.
Na wala si moshi, dada, ni mvuke,
kama wa chungu cha wali."

Nikanusa stroberi.
Stroberi mimi sijawahi kuiona, nimekulia furu na mbula,
lakini chini ya utamu ule
kulikuwa na mtu ninayemjua.

Urambo, mwaka niliotimiza miaka tisa,
tulichuma majani na umande wake kabla ya shule.
Maji ya tumbaku yakanipenya ngozi.
Kufika saa nne nimeshatapika uji, natapika nyongo,
dunia inazunguka kama pia,
na mama ananikanda kisogo, anasema:
jani hili halina rafiki.
Bani letu lilikula kuni za msitu mzima,
halikutujengea hata choo.

Leo limerudi. Limeoga,
limejipaka pinki,
limejifunza kuongea na watoto.

Kodi nadaiwa miezi miwili, sitawadanganya:
nililitazama picha ya lile kabati
mpaka nikaiona taa yake ikiwaka.

Kisha nikamuuliza, "Wako anasoma la ngapi?"
"La tatu," akasema, akicheka,
"ila shule yao iko mbali na hapa."

Nikamfungia boksi lake mwenyewe, kwa gundi yangu,
wala sikumdai.

Kengele haijalia, Mihayo kafika na mia mbili ya penseli,
kidevu juu ya meza, macho yanatafuta.
"Shikamoo. Zile zinazowaka bado hujaleta?"

Zinazowaka.
Vumbi la zile raba lilikuwa halijatua.

Nikamchongea penseli.
Nikachonga, nikachonga, maganda yakidondoka,
ncha ikavunjika.
Nikaanza upya.