Mtu wa Nne Mezani

Bwana Gathogo, hatujawahi kuonana,
lakini miaka minne ulikula kwangu.
Ulikuja saa moja na nusu usiku, zamu ikiisha,
umepanda mgongoni mwa Mukhwana
kutoka kinu cha unga, huko viwandani,
hadi chumba chetu cha Langa Langa, mlango wa buluu.

Nilikujua kwa funguo.
Siku ulizomwita "wewe wa mashine namba tatu"
zilitupwa juu ya kabati
kama sarafu za kumlipa mtu unayemchukia.
Siku ulizompita bila salamu
zilibaki mfukoni, naye akala na koti mwilini.

Ugali ukapoa. Nanjala, daftari la hesabu mkononi,
alisimama katikati ya chumba akipima hewa
kama mtu agusaye pasi kwa kidole chenye mate
kujua kama imeshika moto,
kisha akalirudisha mkobani.
Miaka tisa tu, na alizijua zamu zako
kuliko jedwali la saba.

Nami nilikutengea. Si sahani:
nafasi. Kile kimya kati ya chumvi na maji
kilikuwa chako, ukakikalia, ukatafuna.
Siku moja nilimwuliza mume wangu,
"Huko kazini unafanya nini hasa?"
Akasema, "Nasimama."
Mtu aliyenitongoza kwa kunieleza
jinsi ngano ya Njoro isivyonukia kama ya Narok!

Kisha ukahamishwa. Sijui wapi, wala sikuuliza.
Poleni, mnaokula naye sasa.

Akaja mama mmoja, Jerotich, mfupi, mwenye kikohozi.
Hakuongeza mshahara. Niseme ukweli huo,
maana watu hudhani ni pesa,
na kodi yetu ilichelewa mwaka huo kama kawaida.
Ila wiki ya pili alisimama kando ya namba tatu,
akatega sikio, akasema,
"Mukhwana, hii inaguguna kitu. Wewe unaisikiaje?"

Unaisikiaje.
Miaka minne aliisikia. Alijua ni beringi ya chini,
alijua tangu mvua za Aprili, si za mwaka huu,
na hakuna aliyewahi kulihitaji sikio lake.

Usiku ule funguo zilitundikwa msumarini.
Nilikuwa nimesahau kwamba msumari ule upo.
Akaomba chekeche, akaomba unga vikombe viwili,
akamwonyesha Nanjala pumba zinavyobaki juu
na unga laini unavyoshuka,
sakafu nzima ikawa nyeupe, nami nikawagombeza
kwa furaha niliyoificha kwenye ufagio.

Ningependa kuishia hapa.

Lakini nina kibanda cha kushona pale Bondeni,
cherehani mbili, na msichana, Kerubo,
anayejifunza kwangu tangu Januari.
Jumanne alikata shingo ya sare ikapinda,
nami nikasema, bila kuinua macho,
"Wewe wa cherehani ya pili, fumua."
Nikaisikia sauti yako, Bwana Gathogo,
ambayo sijawahi kuisikia,
ikitoka kinywani mwangu pamoja na pini.

Kerubo anakaa Rhonda, na nyanya yake na kaka mdogo.
Jioni ile alifunga kibanda, akanipa funguo
polepole, zisilie.
Nikabaki nazo kiganjani, zingali na joto lake,
nikihesabu: saa moja kasorobo atafika kwa mwuza mkaa,
saa moja atabisha hodi.
Ataingia na nani?

Nikamwita. Kwa jina, mara mbili.
Lori la unga lilikuwa likipita.