Akifa, Atakapokufa

Ghorofa ya tano, Kijitonyama,
kiyoyozi kinakohoa tangu Jumatatu.
Kazi yangu ni kuvunja leseni vipande vipande
hadi mashine izielewe:
R kwa ruhusa, W kwa wajibu, K kwa katazo,
na alama ya ukanushi, imejikunja kama mkia wa panya,
inayogeuza nipe kuwa usinipe.

Kwa kila x, kama x ni mtumiaji
na x amelipa, basi x asikilize.
Kama x si mtumiaji, x asisikilize.
Hapa wanafunzi huteleza: la pili halitokani na la kwanza.
Lazima mtu aliandike.
Niliandika mimi.

Kifungu cha tisa nacho ni changu.
Mtumiaji akifa, ruhusa inakoma.
Nilikipima kwa jedwali la kweli na uongo,
mistari minne, hakuna uliogombana na mwenzake,
nikashuka kula chipsi mayai.

Jumapili nilikuwa Magomeni Mapipa.
Arobaini ya Mzee Pazi imepita,
maturubai yamerudishwa, viti vimehesabiwa,
kimoja hakionekani.
Mjane wake, Bi Tatu, akanikabidhi simu
imefungwa kwenye leso.
"Wewe ndiye wa kompyuta. Mle ndani mna vitabu vyake."

Thelathini na saba, vya kusikiliza.
Alivinunua mtoto wa jicho alipomzidi nguvu,
kimoja kimoja, kila pensheni ikiingia.
Usiku simu ililala katikati yao,
msomaji akisoma, Bi Tatu akisinzia wa kwanza
na kuuliza asubuhi: yule mwizi alikamatwa?
Wamefika sura ya kumi na tatu.
Mwizi bado yuko juu ya paa.

Mwanawe alipopeleka cheti cha kifo
afunguliwe pesa za kwenye simu,
mlango mwingine ukajifunga.
Nikabonyeza. Kioo kikanijibu kwa maneno yangu mwenyewe:
Mtumiaji amefariki. Ruhusa imekoma.

"Kwani alivikodi?"
"Alinunua ruhusa, Bi Tatu. Si kitabu."
"Na ruhusa haina mirathi?"
Nikampangia dhana ya kwanza, dhana ya pili, hitimisho.
Akasikiliza kama anavyosikiliza bei ya samaki,
akijua itashuka.

Kisha akasema:
"Marehemu alikagua tiketi TAZARA miaka ishirini na sita.
Tiketi ni ya mtu mmoja, hilo alilijua kuliko wewe.
Lakini hakuwahi kumwamsha mtoto mgongoni mwa mamaye
amuulize yake iko wapi."

Usiku nikarudi ofisini, nikakifungua kifungu cha tisa.
Akifa.
Nikaitazama ile silabi ya katikati, -ki-,
niliyoigeuza mshale bila kuiuliza kwao ni wapi.
Maana iko -ki- ya kama, na iko -ki- ya wakati:
mvua ikinyesha, na huenda isinyeshe;
jua likitua, na litatua tu.
Mimi niliandika kama.
Kana kwamba yupo x, pengine Mbezi, pengine Mbagala,
asiyekufa, analipa, anasikiliza,
hadithi haimwishii.

Kwa kila x, x atakufa. Hilo halitaki jedwali.
Basi kwa kila x, ruhusa itakoma.
Basi kwenye kile kitufe cha kijani
kilichoandikwa Nunua
tuliuza nini?

Hoja yangu ni halali. Kila hatua imeshika mkono wa iliyotangulia,
nimezihesabu mara tatu, hakuna iliyoachia.
Zimekwenda zote, kwa adabu, hadi mahali pasipo kweli.

Saa nane usiku nikaongeza mstari mmoja:
kuna y, na y husinzia kabla ya x.
Mashine ikakataa. Makosa: y hajafafanuliwa.

Nikavuta kiti.
Nikaandika:
y alilala upande wa ukutani.