Hamira ya Lira Moja

Ijumaa asubuhi Bi Estreya alishuka ngazi
na boksi la viatu, kamba imekazwa mara mbili.
Ndani: makaroni, semolina, biskuti za mjukuu,
chupa ya bia aliyoiacha marehemu mumewe.
"Ninunulie, Müveddet," akasema. "Lira moja."
Akatoa karatasi, akatoa na kalamu,
maana kuuziana bila maandishi ni mchezo wa watoto
na Mungu, alisema, hachezi.

Hivyo ndivyo nilivyomiliki, kwa siku nane,
kila kilichochacha katika nyumba ya Myahudi
ghorofa ya pili, Kuzguncuk, Stambuli.
Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwona dirishani
na mshumaa na unyoya wa bata,
akipekua chini ya kabati kama aliyepoteza pete.
Alikuwa anatafuta makombo.
"Wazee wetu hawakungoja unga uumuke," aliniambia.
"Firauni angebadili nia kabla kinyunya hakijavimba.
Mtumwa akifunguliwa mlango
haulizi kama mkate umeiva."

Mimi ni mwokaji. Hamira ndiyo ada yangu ya shule,
ndiyo kodi yangu, ndiyo mahari ya binti yangu.
Niliitazama ndoo ya chachu aliyoniachia baba,
inapumua polepole chini ya kifuniko chake,
nikaionea huruma, kama mgeni aliyeambiwa atoke.

Na saa hiyohiyo, Bi Araksi wa ng'ambo ya barabara
anataka kinyume: kinyunya kiumuke mara tatu,
kisukwe kama nywele za msichana,
yai jekundu katikati, rangi ya maganda ya vitunguu.
Kwake Ijumaa ni ya msumari,
Jumamosi ni ya jiwe,
Jumapili jiwe halipo.
"Tazama," akanong'ona, akinionyesha beseni,
"nilikilaza jana kama maiti."
Kitambaa kilikuwa kimeinuka chenyewe.

Sasa chumvi. Nani ataonja chumvi?
Mimi nimefunga, swaumu ya kumi na nne,
na mikate mia mbili ya futari inangoja mzinga ulie.
Bi Araksi yumo katika mfungo wa Kwaresima,
siagi na maziwa havivuki meno yake.
Bi Estreya tangu saa nne hagusi kilichochacha.
Wanawake watatu, vinywa vitatu vimefungwa,
kila kimoja kwa ufunguo wake,
na tanuri linanguruma tu, halina habari.
Tulicheka mpaka Bi Estreya akaketi juu ya gunia la unga,
akaruka, akajikung'uta sketi kwa hofu,
tukacheka tena.

Nilitia chumvi kwa kumbukumbu, kama baba,
ambaye asili ya mwezi huu aliijua hivi tu:
mtu mmoja, peke yake pangoni, aliambiwa Soma,
akarudi kwa mkewe anatetemeka, akaomba afunikwe.
"Tumbo lililoshiba halisikii mnong'ono," alisema baba,
akarudi kukanda.

Siku ya saba gari la wagonjwa lilimchukua Bi Estreya.
Siku ya nane, jua lilipozama,
niliweka boksi kaunta hata hivyo.
Hakushuka.

Alikuja mwanawe kutoka Izmir,
kola ya shati imechanwa, ndevu hazijanyolewa.
Nikamsogezea boksi. Akasoma karatasi, mistari yote minne.
"Ni lako," akasema. "Hakulikomboa."
Idi ikafika siku chache baadaye.
Watoto wa mtaa walinibusu mkono, wakadai peremende,
mmoja akauliza kwenye boksi kuna nini.
Nikamwambia: mali ya watu.

Bia siinywi. Makaroni yaliingia wadudu, nikayatupa.
Lakini kila mwaka ikikaribia Pasaka yao
ninaandika karatasi mpya: siku nane, lira moja.
Upande wangu natia sahihi.
Upande wa pili nauacha.
Bi Araksi ananiambia lira siku hizi
hainunui hata njiti ya kibiriti.
Najua.
Ndiyo maana sijapandisha bei.