Wino Mweusi

Nilipanda ngazi za Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro,
daftari limefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli.
Nyumba mia na themanini za Mishomoroni,
nimezipigia hodi moja moja:
mwezi huu mtoto ameharisha siku ngapi,
maji mwateka kisimani au mwanunua kwa mkokoteni?
Majibu yote kwa wino wa buluu.

Kompyuta ya Mbodze haina kitufe cha H.
Kila akiandika "harisha"
hukidunga kishimo kwa njiti ya kiberiti.

Nikamwambia, nitolee ile namba ndogo
waipendayo wafadhili, chini ya nukta sifuri tano.
Ripoti ni Ijumaa.
Akaiweka njiti chini.
"Hiyo ni harufu, Bi Mwanamkuu. Chungu kiko wapi?
Wewe wataka kujua nini?"

Miezi mitatu ya jua la utosi,
na swali hilo hakuna aliyeniuliza,
wala sikujiuliza.
Nikasema, polepole, kama mtu anayekiri deni:
nataka kujua kama kisima cha nyuma ya madrasa
ndicho kinachotuumizia watoto.
"Ahaa," akasema, akavuta kiti.

Wastani ukatoka: siku moja na nukta mbili.
Nikashusha pumzi. Si vibaya.
"Nionyeshe mtoto aliyeharisha
siku moja na nukta mbili."
Hayupo. Mtaa mzima hayupo.
Akachora mihimili: mmoja mrefu mno, penye sufuri,
kisha vifupi, vifupi,
kisha pengo,
kisha mbali huko, peke yake, siku kumi na nne.
Huyo namjua. Ana jina, ana kovu la uji wa moto shavuni.
Wastani ulimkoroga na wenzake kama sukari,
asionekane tena kikombeni.

Halafu akainamia daftari.
"Hizi sufuri thelathini na moja
mbona wino mweusi?"

Ningeweza kusema kalamu iliisha.
Nikasema kweli: milango ilikuwa na kufuli.
Nilizijaza usiku, kitandani,
ili jedwali lisiwe na mapengo,
lipendeze.

Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.
"Sufuri ni jibu, Bi. Kimya si jibu.
Aliyekwambia hapana, na yule usiyemkuta,
usiwalaze kitanda kimoja."
Akazifuta, moja baada ya moja,
na kila iliyofutika niliuona mlango wake.

Nikarudi. Nyumba ya themanini na nane, kufuli ileile.
Jirani, ungo mkononi, akaniambia:
"Siku ile uliyokuja? Walikuwa wodini na kitoto chao."
Ya mia na tatu, wodini.
Ya mia na kumi na saba walikuwa matangani,
na sikuthubutu kuuliza aliyezikwa ana umri gani.
Kumbe kufuli lilikuwa likisema.
Mimi ndiye niliyeliandikia
hakuna kitu.

Ijumaa ikapita. Mratibu akapiga simu mara sita.
Ishirini na saba nimewapata, kwa buluu.
Wanne wamehama, hata mwenye nyumba hajui walikokwenda.

Na kisima?
Mbodze asema bado, tusikimbilie.
Wanaokunywa pale ndio hao hao wasio na hela ya mkokoteni,
"na ufukara nao huharisha."
Ameniandikia swali jingine la kwenda kuuliza:
choo kiko hatua ngapi kutoka jikoni?
Malipo yake, pakiti mbili za kachiri za pilipili,
na njiti za kiberiti.

Kesho naanza upya na nyumba ya kwanza.
Vile visanduku vinne nimeviacha vitupu.
Mratibu atauliza.
Muulize.
Niliposhika kalamu usiku wa jana
mkono ulikwenda wenyewe kuvijaza,
nikaukalia.